Tairi Pana za Mto Mkavu

Watu wa Kathonzweni wana ushauri mwingi kuliko mvua. Ukikohoa, watakuambia uchemshe mwarobaini. Ukinunua mbuzi, watakuambia ungenunua yule mwingine. Na mimi, Mbula, niliposema natafuta tairi mpya za pikipiki yangu, hata watu ambao hawajawahi kupanda baiskeli wakawa wataalamu ghafla. Mwaka huo wa themanini na saba nilikuwa na hasira, sitaficha, na nikiwa na hasira mimi husema.

Pikipiki yenyewe haikuwa hizi ndogo za kubebea mkate. Ilikuwa Yamaha kubwa, ya kukalia chini kama umekaa kwenye kochi, usukani wake mpana kama pembe za fahali. Gurudumu la mbele lilikuwa refu na jembamba, la nyuma fupi na nene. Aliyekuja nayo kwetu alikuwa Mzungu mmoja, mhandisi wa visima. Nilimpikia muda wote aliokaa kambi ya maji, na jioni akanifundisha kuiendesha, kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kuongea naye. Alipokwenda kwao aliniachia mimi, na karatasi zake zote. Mume wangu Jonah, aliyekuwa akifanya kazi bandarini Mombasa, alipoiona alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaomba nimpeleke sokoni. Nikampeleka.

Basi, kwa nini tairi? Kwa sababu mwaka uliotangulia surua ilipita kwetu. Sitaki kulieleza sana jambo hili. Dada yangu alizika watoto wawili katika juma moja, na mimi ndiye niliyewaosha. Na chanjo ilikuwepo! Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Ilitoka Nairobi na basi, ndani ya kikasha chenye barafu, ikashushwa Kambu kwenye barabara kuu ya Mombasa. Kutoka hapo ilipaswa kuletwa kwenye zahanati ya kanisa letu, na mwenye kuileta alikuwa Kiilu na pikap yake.

Kiilu si mtu mbaya. Ni mtu wa kusimama. Anasimama anywe chai, anasimama achukue abiria, anasimama aulize habari za mbuzi wa mtu. Kikasha kikifika kwetu, barafu imekuwa maji, na maji yenyewe unaweza kuogea mtoto. Chanjo ikipata joto imekufa, ni kama kumdunga mtoto maji ya kisima. Nesi wetu Nyawira, msichana aliyetoka Nyeri na aliyekuwa bado hajui Kikamba, alikuwa akiimwaga shimoni huku akina mama wako kwenye foleni na watoto mgongoni. Kikamba hakujua, lakini kulia alijua. Nilimkuta siku moja nyuma ya zahanati, uso ameufunika kwa aproni, nikasema hapana, hii imetosha.

Nikaenda mbele ya kamati ya zahanati. Mwenyekiti alikuwa mzee Musyoka, mzee wa kanisa, mtu wa haki lakini mgumu kama kuni mbichi. Nikawaambia, "Nipeni mimi kazi ya kuleta kikasha. Mimi sisimami."

Wakacheka. Mzee Musyoka hakucheka. Alitoka nje, akaizunguka pikipiki yangu, akainama, akapitisha kiganja juu ya tairi.

"Hii imeisha," akasema. "Ni laini kuliko kipara changu. Utavukaje mito miwili ya mchanga na kitu kama hiki?"

"Nitaweka mpya, mzee."

"Sawa. Jumamosi chanjo inakuja. Weka tairi mpya, nenda Kambu, ulete kikasha. Nitakifungua mimi mwenyewe, mbele ya watu. Nikikuta barafu, kazi ni yako. Nikikuta maji, Mbula, usinirudie tena na maneno ya pikipiki. Tutaendelea na Kiilu."

Tutaendelea na Kiilu! Nilirudi nyumbani nikiyatafuna maneno hayo njia nzima.

Siku ile ile nikaiegemeza pikipiki kwenye mawe, nikatoa magurudumu mwenyewe, nikazing'oa tairi kwa vyuma viwili na jasho langu. Nia yangu ilikuwa asubuhi nipande lori nizipeleke Kambu, nimwonyeshe muuza spea, nimwambie, nataka kama hizi. Nikaziegemeza ukutani nje, nikajimwagia maji, nikaenda kwenye maombi ya katikati ya juma.

Hapo ndipo nilipokosea. Ngoja nieleze, kwa mtu ambaye si wa kwetu. Kwetu, tairi ikiwa kwenye gurudumu ni tairi. Ikishang'olewa na kuegemezwa ukutani nje, hiyo ni akala. Ni viatu. Mshona akala akipita akaiona, anajua mwenye nyumba ameshamaliza nayo na anamngoja. Ni kama kuku ukishamkata kichwa, hakuna anayeuliza kama atataga. Mshona akala wetu ni Muthama, kisu chake hakilali, na mimi niliyezaliwa hapa hapa nikasahau.

Niliporudi kutoka maombini, tairi ya mbele ilikuwepo. Ya nyuma haikuwepo. Mlangoni kulikuwa na jozi ya akala mpya, saizi yangu kabisa, zimepangwa vizuri, visigino pamoja.

Woi! Nilikimbia mpaka kwa Muthama nikiwa nimezishika akala mkononi. Nilimkuta anapiga msumari wa mwisho wa jozi nyingine.

"Muthama, tairi yangu iko wapi?"

Akanitazama kwa furaha kabisa. "Umeshaiona jozi yako? Nimekuchagulia mahali pazuri, hapo katikati. Nene, Mbula, haijapata kutokea. Ile ya mbele nimekuachia, ni nyembamba, haitoshi hata mguu wa mtoto."

"Ile ilikuwa ya kupeleka Kambu! Ilikuwa kielelezo!"

"Kielelezo kinaegemezwa ukutani?" akauliza, na hakuwa anatania. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

Nilimwita majina ambayo sitayarudia, kwa kuwa nilikuwa nimetoka maombini. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Sasa sikiliza shida yangu. Ubavuni mwa kila tairi kuna namba, na namba hiyo ndiyo inakuambia upana, kimo na ukubwa wa rimu. Rimu ningeweza kuipima, na niliipima, inchi kumi na sita. Lakini rimu haisemi upana. Ukiweka tairi pana kupita kiasi inasugua mnyororo, ukiweka nyembamba pikipiki nzito kama ile inayumba kama mlevi. Nilihitaji namba, na ubavuni mwa tairi ndimo Muthama anamokata kanda za juu za akala.

"Namba ilikuwa kwenye kanda gani?" nikamwuliza.

Muthama akafunga macho, akafikiri. Kazi yake anaijua, siwezi kumnyima hilo. "Kanda yenye maandishi nilimwekea mteja mkubwa. Aliipenda, alisema inaonekana kama kiatu cha dukani."

"Mteja gani?"

"Mzee Musyoka."

Nilikaa chini kwenye vumbi. Kati ya miguu yote ya Kathonzweni!

Nilimkuta mzee nyumbani kwake, amekaa kwenye kiti chake cha kukunja, akisoma Biblia, miguu ameinyosha mbele na akala mpya zinang'aa. Binti yake Kasyoka, ambaye alikuwa ameolewa ng'ambo ya mito na amekuja kusalimia, alikuwa anapepeta pojo pembeni, mtoto wake wa miezi tisa amemfunga mgongoni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikapiga magoti mbele ya mzee.

Akafunga Biblia taratibu. Nikaona uso wake unalainika. "Mbula," akasema, "inuka, mama. Hakuna aibu katika kukubali. Si kila kazi ni ya kila mtu."

"Sijakuja kukubali kitu, mzee. Inua mguu."

"Ati nini?"

"Mguu wa kushoto. Inua nisome."

Kasyoka aliangua kicheko, pojo zikamwagika. Mzee akaniangalia, akaiangalia akala yake, akaniangalia tena. Nikamweleza yote, ya Muthama, ya ukuta, ya kanda. Nilidhani atakasirika. Badala yake akanyoosha mguu pole pole, akaugeuza kwenye mwanga, na namba ikawa pale pale juu ya vidole vyake: mia na thelathini, tisini, kumi na sita. Nikaisoma kwa sauti mpaka ikaingia kichwani.

"Umemaliza?" mzee akauliza.

"Nimemaliza. Asante, mzee."

"Hii haibadilishi kitu. Jumamosi nataka barafu."

"Utaipata," nikasema, na nikatoka na vumbi kwenye magoti. Nyuma yangu Kasyoka bado alikuwa anacheka. Alinifuata mpaka njiani, akanishika mkono, akasema kwa sauti ya chini, "Mbula, huyu wangu bado hajachanjwa. Kesho narudi kwangu, Jumamosi nitamleta. Ukishindwa, tutafanyaje?" Nikamgusa mtoto shavu, nikaenda zangu.

Kesho yake nikapanda lori la magunia mpaka Kambu, tairi ya mbele begani. Muuza spea pale ni Wariara, mama wa kutoka Murang'a aliyekuja na mumewe miaka ile kuuza chai kwa madereva wa malori, sasa ana duka la tairi kutoka sakafuni mpaka darini. Ulimi wake ni mkali kuliko wangu, na ndiyo sababu tunapendana.

"Karibu, dereva," akasema. "Leo umekuja kuninunulia au kunigombeza?"

"Nianze na lipi?"

Nikampa namba. Akapanga tairi tatu mbele ya duka, kwenye jua. Ya kwanza ilikuwa na meno makubwa, yamesimama kila moja peke yake, ya pikipiki za porini. Ya pili ilikuwa nyembamba, ya bei ya chini, nayo ingeingia kwenye rimu kwa nguvu. Ya tatu ilikuwa pana, namba ile ile ya mguu wa mzee Musyoka, na mistari yake haikuwa mirefu.

Basi walikusanyika! Madereva wa malori, wauza mayai, mhubiri mmoja aliyekuwa anangoja basi. "Chukua ya meno, mama! Meno yanashika mchanga!" "Chukua nyembamba, itapasua mchanga kama kisu!" Dereva mmoja akaniapia kwa jina la mama yake kwamba bila meno nitalala mtoni.

Hata Wariara alikubaliana nao. "Ya meno ni kubwa kidogo kuliko rimu inavyotaka, lakini itaingia. Watu wote wa huko kwenu wananunua hii."

"Na wote wanakwama," nikasema.

"Wanakwama, kweli," akakubali.

Nikaziangalia zile tairi moja moja. Nikajiuliza, Mbula, mchanga unaujua wapi? Nikajijibu, naujua kwa mikono. Kila kiangazi tangu utotoni tumechimba maji kwenye mito ile, sisi wanawake. Kila mwanamke wa kwetu anajua kwamba ukiuchokoza mchanga wa mto unafunguka, na kadiri unavyochimba ndivyo unavyoteremka. Meno ni majembe. Tairi ya meno ikizunguka mtoni itachimba kisima, na mimi nitakuwa ndani yake. Na ile nyembamba? Mbuzi huzama mtoni kwa kwato zake ndogo, na sisi, tukibeba maji mgongoni, tunakanyaga na unyayo wote, polepole, bila kusukuma. Matope ya vilima vya Kilungu yanataka meno. Mto mkavu unataka unyayo.

"Nipe pana," nikasema.

Watu wakapiga kelele. Mhubiri akasema ataniombea.

"Na nitapunguza upepo kabla ya kuvuka," nikaendelea, "itandazike. Nikitoka mchangani naujaza tena kwa pampu ya baiskeli, mawe yasiniharibie rimu."

Wariara akaziondoa zile nyingine mbili. "Wewe ndiye utakayezama, si mimi," akasema. "Chagua unachotaka." Lakini nilimwona anatabasamu.

Akaniletea ile pana. Nikaikunja kwa mikono miwili, nikachungulia ubavuni. Kulikuwa na nyufa ndogo ndogo, kama kisigino cha mtu asiyejipaka mafuta.

"Wariara, hii imekaa dirishani inaota jua tangu lini?"

"Ni mpya kabisa!"

"Ni mpya na imezeeka. Niletee ya ndani, ya gizani."

"Aiya, huyu mwanamke!" Akaingia ndani akilalamika kwa Kikikuyu, akatoka na nyingine, nyeusi, laini, bado na vinywele vya mpira juu yake. Hiyo nikaichukua. Ya mbele nikachagua yenye mistari inayokwenda mbele kwa urefu, ya kunyoosha njia, na nikatazama mshale ubavuni unaoonyesha tairi inavyotakiwa kuzunguka, kwa sababu nilishamwona mtu akiiweka kinyume na kulaumu shetani. Madereva waliendelea kunicheka mpaka lori langu likaondoka. Nilijaribu kuwaza mambo mengine, nikashindwa. Je, kama wao ndio wako sawa?

Jumamosi nilitoka Kathonzweni kabla ya jogoo wa pili. Kwenda hakukuwa na neno, mchanga wa alfajiri una umande, umeshikana. Niliona tu jinsi pikipiki ilivyotulia, imelala kwenye njia kama ng'ombe aliyeshiba. Basi la Nairobi likafika Kambu likiwa limechelewa, jua tayari linauma. Nikakipokea kikasha, nikakifunga nyuma ya kiti kwa mipira ya tyubu, nikakifunika kwa gunia lililolowa maji. Wariara alisimama mlangoni mwa duka lake. Alipunga mkono tu.

Nilikwenda. Sikusimama kwa chai. Mtu alinipungia nisimame, nikampigia honi.

Nilipofika mto wa kwanza, kwa mbali niliona watu wamekaa ukingo wa pili na kitu cheupe katikati ya mchanga. Nikakitambua, nikataka kulia na kucheka pamoja. Ilikuwa pikap ya Kiilu. Alikuwa amechukua akina mama wa ng'ambo hiyo na watoto wao, kuwapeleka kwenye chanjo, na nadhani alitaka pia afike mbele yangu watu wamwone. Magurudumu yake ya meno yalikuwa yamechimba mpaka pikap ikakalia tumbo. Kiilu alikuwa amelala chini yake anafukua kwa sahani.

Sikuzima injini. Nikachuchumaa, nikatoa upepo, tairi ya nyuma ikatandazika kama chapati. Nikapanda, nikarudi nyuma kwenye kiti, nikaachia breki kabisa. Nikaingia.

Usukani ulicheza. Mbele ilikuwa inatafuta njia yake, kulia, kushoto. Kila kitu mwilini kiliniambia niweke mguu chini. Sikuweka. Nikaongeza mafuta kidogo, nikatazama ukingo wa pili tu, na tairi pana ikapita juu ya mchanga ule bila kuuamsha. Nikapita kando ya pikap. Nikapanda ukingo. Nikapiga kelele peke yangu kama mwendawazimu, "Umeona? Umeona?" na wala sijui nilikuwa namwambia nani.

Hapo ndipo sauti iliniita. "Mbula! Nichukue!"

Ilikuwa Kasyoka. Alikuwa amesimama na mtoto mikononi, akina mama wengine wanne nyuma yake, na jua lile. Zahanati ilikuwa bado mbali, mtu hawezi kuifikia kwa miguu mchana na mtoto mdogo. Nikakiangalia kikasha. Kikasha kilikuwa kimejaza kiti chote cha nyuma.

"Nikikuchukua wewe, barafu haifiki," nikamwambia. "Na barafu isipofika, hata nikikufikisha ni bure. Nitarudi! Kaeni kivulini, nitarudi!"

Alinitazama tu. Nikajaza upepo, nikaondoka, na kuliacha lile jicho la Kasyoka nyuma yangu kulikuwa kugumu kuliko mto.

Mto wa pili ni mpana zaidi, na mchanga wake ni mwepesi kama unga. Nikatoa upepo tena, nikaingia. Katikati pikipiki ikapoteza mwendo, ikaanza kuzama, nikahisi nyuma inashuka. Mungu wangu. Sikuminya mafuta, nilijua nikiminya nachimba. Nikainuka juu ya vikanyagio, nikaipunguzia uzito, nikaisukuma kwa mapaja na maneno ya Kikamba ambayo hayasemwi kanisani, na ikajivuta, ikajivuta, ikatoka. Nilikuwa nimelowa jasho mpaka kwenye soli.

Uwanja wa zahanati ulikuwa umejaa. Walinisikia kabla ya kuniona, na nilipoingia watu waligawanyika pande mbili. Mzee Musyoka alikuja mwenyewe, akafungua mipira, akabeba kikasha mpaka mezani. Nyawira alisimama kando yake, mikono ameishika kifuani. Mzee akainua kifuniko. Akaingiza mkono.

Akautoa umeshika barafu. Kipande kizima, kikubwa kama tofali, kinatoa moshi wa baridi kwenye jua la Ukambani. Akakiinua juu watu wote wakione, maji yanamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Nyawira akaruka, nesi mzima, akaruka kama msichana wa shule. Akina mama wakapiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia.

"Mbula," mzee akaanza, kwa ile sauti yake ya kusoma matangazo, "mbele ya kamati hii..."

Mimi nilikuwa tayari nimewasha.

"Unaenda wapi? Hata maji hujanywa!"

"Mtoni, mzee. Pikap imekwama na wamama watano, na binti yako ni mmoja wao. Nesi, barafu yako ina muda gani?"

"Mpaka jioni," Nyawira akasema. "Jua likizama, imekwisha."

Nikaenda. Nikaja na wa kwanza, amenishika kiuno anasali kwa sauti, mtoto amelala katikati yetu. Nikarudi. Nikaja na wa pili. Kwenye ule mto wa pili wenye unga, safari hii tukiwa wawili na mtoto, nilitoa upepo zaidi, na tairi ikakanyaga pana na kupita. Kila mara nilipofika ukingoni nilikuta Kasyoka amesukuma mwingine mbele. "Huyu kwanza," anasema. "Mimi ni binti wa mwenyekiti, wasije wakasema." Mkaidi kama baba yake. Kiilu naye alikuwa ameacha kuchimba. Alinisaidia kujaza upepo, akapiga pampu kwa nguvu zote, na safari ya nne akasema, "Mbula, umekikaza vizuri kizibo cha upepo? Ngoja nikaze." Nikamwacha akaze.

Nilipofika na Kasyoka, jua lilikuwa limekaa juu ya vilima. Mzee Musyoka alikuwa amesimama katikati ya njia, na nadhani alikuwa amesimama hapo tangu nilipoondoka mara ya kwanza. Alimpokea mjukuu mikononi mwake, akambeba mwenyewe mpaka kwa Nyawira.

Nyawira akaingiza mkono kwenye kikasha. Akatoa chupa ndogo, akaibandika shavuni mwake kuipima. "Bado baridi," akasema.

Sindano ikaingia. Mtoto akanyamaza kidogo, kama anayefikiri, kisha akalia. Alilia kwa nguvu zote alizopewa na Mungu, uso umekunjamana, ngumi juu. Mzee Musyoka alimshika, machozi yanamwagika kwenye ndevu zake, na hakuyafuta. Nami nililia. Nilisimama pale na vumbi la mito miwili usoni nikalia kwa furaha, na sikumwonea mtu haya.

Mzee akamrudisha mtoto kwa mama yake, akanigeukia. "Tulitaka kukuuliza lini utaanza kazi."

"Nimeshaanza, mzee."

Nilifanya kazi ile mpaka tairi zile zikaisha, na nyingine baada yake, zote pana, zote za kutoka gizani kwa Wariara. Kila juma la chanjo watoto wa Kathonzweni walilia mpaka wakasikika sokoni. Kilikuwa kilio cha sindano. Kile kilio kingine, cha mama juu ya kaburi dogo, sikukisikia tena.